Paka Hana Kioo

Nikiikumbuka Jumamosi ile, mwanangu, hucheka kwanza, kisha naona haya. Ningependa kukupa kicheko peke yake, lakini haya ndiyo iliyonifunza kazi, kwa hiyo vumilia vyote viwili.

Nilikuwa Juba, mtaa wa Hai Malakal, miaka ile ya baada ya mkataba wa amani na kabla ya wenyeji kupiga kura yao ya uhuru. Wakenya tulikuwa tumemiminika huko: wa benki, wa mashirika, wa hoteli, wa shule, na sisi wa mashine ya kunyoa. Kibanda changu kilikuwa cha mbao na mabati. Ndani kulikuwa na kioo kirefu na kiti kimoja cha kuzunguka nilichokisafirisha kwa lori kutoka Nakuru, na nje jenereta iliyonguruma kutwa, maana bila hiyo mashine haiendi. Kunyoa kichwa nilijua. Sisemi kwa majivuno. Haya basi, nasema kwa majivuno kidogo.

Kazi ya paka ilinijia kwa bahati tu. Dada mmoja Mkenya wa benki, Lydia, aliniletea paka wake mwenye mafundo ya manyoya shingoni. Akasema, "Barnaba, wewe una mkono mwepesi. Nisaidie, hapa Juba sijui pa kumpeleka." Nikamchambua fundo moja moja kwa kitana, kwa woga, kwa sababu sikuwa nimewahi kumshika paka zaidi ya kumfukuza jikoni. Shika hilo, mwanangu: kazi yangu ya kwanza ilitoka nzuri kwa sababu niliogopa.

Habari ikaenea, wageni wenye paka wa manyoya marefu wakaanza kunitafuta. Baada ya miezi michache woga ukaniisha, na mapambo yakaniingia kichwani. Nilikuwa namnyoa paka mwili mzima, namwachia manyoya ya shingoni na kishungi kwenye ncha ya mkia, anatoka simba mdogo. Mwingine nilimchora nyota ubavuni kwa mashine. Watu walipiga picha. Nikaandika kwenye ubao wa kibanda, kwa rangi nyekundu: KINYOZI WA WATU NA PAKA. Vijana wa boda walipita wakiusoma kwa sauti na kucheka, nami nikadhani wananisifu.

Ndipo meneja wa hoteli moja kando ya mto akasikia habari zangu. Akaniambia atapita Jumamosi saa kumi aone kazi yangu kwa macho yake, na ikimpendeza atanipa chumba hotelini, chenye kiyoyozi na maji ya bomba, nihudumie paka wa wageni huko. Mwanangu, mtu anayeshinda chini ya bati la Juba mwezi wa tatu, ukimtajia kiyoyozi anaweza kusahau jina la mama yake. Nilihitaji paka mmoja tu wa kuonyesha, mwenye manyoya ya kutosha.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo akaja Mama Poni.

Huyu alikuwa mama wa makamo aliyeuza simsim na unga kule Sherikat, ng'ambo ya daraja. Vita vilimpeleka Uganda, akaishi huko miaka mingi, na Kiswahili chake alikiokota huko, kile kisichohangaika na ngeli lakini kinafika kinakokwenda. Mgeni mmoja aliyemaliza kazi yake alimwachia paka jike mwenye manyoya marefu, rangi ya simsim iliyokaangwa, naye akamwita hivyo hivyo, Simsim. Mume wa Mama Poni alikuwa amefariki, na binti yake Poni alibaki Uganda kwa wakwe. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na paka. Aliwahi kuniambia bila kuona aibu, "Asubuhi mimi naamka, huyu ndiyo wa kwanza kusalimia mimi."

Alimleta ndani ya kikapu kilichofunikwa kitenge, wamepakiwa kwenye boda.

"Huyu iko na mafundo kwa tumbo na kwa kwapa," akasema. "Toa hiyo tu. Mimi hapana taka simba. Na akipiga mkia, wacha. Mimi nitaleta yeye siku ingine. Shwaya-shwaya, Barnaba." Ni polepole, kwa Kiarabu cha Juba.

"Hakuna shida, Mama," nikajibu. Masikio yalikuwa kwake, macho yalikuwa kwenye yale manyoya.

Akaenda sokoni Konyo Konyo.

Sasa nikueleze jambo la vinyozi, usije ukaniona mkatili bure. Katika kazi yetu hakuna fedheha kubwa kama mteja kutoka na kichwa nusu. Bosi wangu wa Nakuru alitufunza hivyo kwa ukali: umeme ukikatika, maliza kwa mkasi, mkasi ukikatika, maliza kwa wembe, lakini mtu asivuke mlango huu nusu nusu, maana huyo ni tangazo linalotembea. Sheria hiyo ilikuwa kwenye damu yangu. Nikavuka nayo mpaka, nikaileta hadi kwa paka.

Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Nikaondoa mafundo, kisha, mwanangu, sikuishia kwenye mafundo. Nikanyoa ubavu mzima, nikaanza kutengeneza ukosi wa simba. Nilijisemea kwamba Mama Poni akiona atapenda. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Simsim akapiga mkia. Nikaona. Akapiga tena, masikio yakalala nyuma. Nikaona pia. Nikatazama saa, nikatazama ubavu wa kushoto wenye manyoya yote, nikamviringisha paka kwenye taulo na kumkandamiza kwa kiwiko. Nilipofika kwapani mashine ilikwama kwenye fundo, nikachukua mkasi. Nikalivuta fundo juu ili nilikate vizuri.

Ngozi ya paka si kama ya kichwa cha mtu. Ni nyepesi na haikushikana na nyama, ukivuta fundo inapanda nalo. Sikukata manyoya. Nilikata ngozi, na ikafunguka kama mfuko wa shati. Simsim hakulia. Alinizamishia meno mkononi, akaruka juu ya kiti, akapita chini ya mlango wa mabati, akaenda zake na jenereta ikinguruma nyuma yake.

Nilimtafuta kwa saa nzima. Nilichungulia nyuma ya tukuli, zile nyumba za nyasi za huko, kwenye mitaro, chini ya magari mabovu. Wanawake wa ua wa jirani waliniuliza kama nimempoteza simba, nami nikapita nimeinamisha uso. Nilikuwa na hofu ya kweli, na ya kwanza haikuwa ya paka. Nilihofia jina langu. Hiyo ndiyo sehemu inayonitia haya mpaka leo.

Saa saba Mama Poni akarudi na mzigo wake. Hakukaa, alitazama kikapu kitupu.

"Simsim iko wapi?"

"Mama, upepo ulisukuma mlango," nikasema. "Akatoka. Atarudi tu, paka hawapotei."

Alinitazama. Akatazama sakafu, manyoya yaliyotapakaa, taulo lenye damu, mkasi. Akaweka mzigo wake chini taratibu.

"Barnaba," akasema, "hiyo upepo iko na mkasi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mlangoni. Nikamwambia yote, hata habari ya meneja na chumba cha kiyoyozi. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alisema tu, "Zima hiyo jenereta."

Nikatoka nikaizima. Niamini, mwanangu, saa nzima nilikuwa nikimwita paka aliyetishwa na kelele, na kelele yenyewe nimeiacha inanguruma. Ukimya ulipoingia, Mama Poni alikwenda nyuma ya kibanda, akaketi chini kwenye mavumbi na gauni lake la sokoni, akaanza kuzungumza Kibari, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mwenzake bei za siku hiyo. Hakuita na hakuinuka. Nilisimama pale nikiwa nimeshika mikono yangu kama mgeni msibani.

Ilichukua muda mrefu. Kisha kutoka chini ya rundo la mabati ya jirani kikatokea kichwa, halafu ukosi wa simba, halafu ubavu uliochongwa na damu imekauka. Simsim alitembea moja kwa moja, akaingia mapajani mwa Mama Poni, na ndipo mama yule akalia. Alilia kidogo tu, akajifuta kwa kitenge. Mimi nililia zaidi, ila nilitazama pembeni.

Tulimwita daktari wa mifugo, mtu aliyezoea ng'ombe, akaja kwa boda akishangaa mgonjwa wake. Alimshona nyuzi tano. Akasema jeraha lingekaa hadi usiku na joto lile, tungezungumza mengine.

Wakati daktari anafunga mkoba wake, meneja akafika na shati lake jeupe. Akamwona paka nusu simba nusu gunia, ana bandeji kwapani, na kinyozi mwenye mkono uliofungwa kitambaa. Akacheka hadi akashika mlango. "Nitakupigia," akasema, na hadi leo sijapigiwa.

Alipoondoka, Mama Poni akaniuliza kwa nini sikuacha Simsim alipopiga mkia. Nikamweleza sheria ya bosi wangu, ya kichwa nusu. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake uko juu ya paka.

"Mtu akiwa kichwa nusu, ataona aibu," akasema. "Paka hapana kuwa na kioo. Simsim alikuwa na aibu gani? Hiyo aibu ilikuwa yako, Barnaba. Wewe ulichukua yako, ukaweka kwa ngozi yake."

Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii.

Nikamwomba nimlipie daktari, akakubali. Nikamwomba msamaha, akasema, "Malesh, itakuja," yaani pole, msamaha utafika, lakini haujafika. Kisha akanipa adhabu ambayo sikuitegemea. Alisema Simsim atakaa vivyo hivyo, nusu nusu, na atamleta kila Jumamosi jeraha likishapona. Nami nitaondoa kile tu ambacho paka ananipa, na yeye ataketi palepale anitazame.

Alitimiza. Jumamosi ya kwanza Simsim hakuniruhusu hata nimguse, nikakaa sakafuni tu, jenereta nimeizima, wateja wa vichwa wanasubiri nje wakinung'unika. Ya pili alinusa kitana. Ya tatu nilipitisha kitana mara nne mgongoni, akapiga mkia, nikaacha. Habari ya paka nusu simba ilifika mpaka mtaa wa Munuki, watu walikuja kunyolewa ili wamwone. Nilichekwa sana. Ajabu ni kwamba Lydia wa benki alimrudisha paka wake kwangu mwezi huohuo, akasema, "Sasa najua utasimama akikwambia usimame."

Jumamosi ya saba, au ya nane, Mama Poni alifungua kikapu, na Simsim akatoka mwenyewe. Akalala kwenye taulo, akanyoosha mguu wa mbele, akaliweka wazi lile kwapa lenye kovu. Palikuwa na fundo dogo jipya. Sikuchukua mkasi. Nilishika manyoya karibu na ngozi kwa vidole viwili ili asisikie kuvutwa, nikalilegeza fundo kwa poda kidogo na ncha ya kitana, unywele kwa unywele, mpaka likaachia. Mkia ulikuwa umetulia.

Mama Poni alinitazama kidogo. "Kwes," akasema, yaani vizuri. Kisha akainuka, akajitanda kitenge begani, akaenda zake sokoni bila kugeuka, akaniacha peke yangu na paka wake.

Mwanangu, nimenyoa vichwa vya wakubwa na nimetengeneza paka wa matajiri, lakini sijawahi kupewa heshima kama mgongo wa mama yule ukielekea Konyo Konyo.

Sasa wewe umeshika kitana, na najua unapenda mapambo kuliko mimi nilivyoyapenda. Pamba, sikukatazi; manyoya ni mazuri na mikono yako ni mizuri kuliko yangu ilivyokuwa. Sitakuimbia haraka haraka haina baraka, hiyo umeisikia tangu chekechea, na tena ngoja ngoja nayo huumiza matumbo. Ninachokuambia ni hiki. Kabla hujaanza, jiulize kazi hii ni ya nani: ni ya huyu aliye mbele yako, au ni ya yule atakayekuja saa kumi kukutazama? Fundo usilikate kwa mkasi. Kelele izime. Kiumbe akikwambia basi, basi, hata kama umebakiza kidogo, hata kama watu watacheka. Kazi iliyoachwa nusu kwa huruma humalizika siku nyingine. Ngozi ikishakatika, haiulizi ulikuwa umebakiza kiasi gani. Na ukikosea, sema mwenyewe mapema, usimsingizie upepo.

Si paka tu ninaowazungumzia. Utaoa, utazaa, utasimamia watu. Kila mahali utakuta mtu ana haya yake mwenyewe na anataka kumalizana nayo juu ya ngozi ya mnyonge. Usiwe yeye.

Mungu akujalie mikono ambayo kiumbe dhaifu atalala ndani yake bila kujikunja. Akupe riziki isiyokuaibisha na usingizi usio na deni la uongo. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akuletee mtu wa kukukemea na bado akupende. Amina.