Nilimpa Mtani Wangu Namba ya Foleni

Admin, nifiche jina, Mikindani tunajuana. Mimi ni bibi wa miaka sabini na mitano, anayeniandikia ni binti wa jirani.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani wa dirishani kwenye zahanati. Sista mkunga alitufundisha wiki nzima kupokea wagonjwa: nani aende kwenye vidonda, nani sindano, nani kliniki ya wajawazito. Mjamzito tumwulize kwanza: kichwa kinauma? Macho yanaona vizuri? Miguu imevimba? Mwenye dalili hizo hakai foleni, unampeleka kwa Sista mwenyewe. Niliyakariri maswali yale kama Alhamdu, na maringo juu.

Siku moja akaja Zuhura (si jina lake), mtoto wa mjomba wangu, mimba ya miezi minane. Kwetu huyo ni mtani, hamkutani bila kutupiana maneno. Akaegemea dirisha: "We karani, niandikie cheti cha kufa. Kichwa kinapasuka, hata hiyo sura yako mbaya siioni."

"Huioni kwa wivu," nikamjibu. "Kafie kwenye benchi, namba ishirini na sita."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, jamani! Akaenda kukaa. Sikumwuliza hata swali moja. Nilijua ananitania tu, kama siku zote.

Kabla hajafikiwa akaanguka, mwili unakakamaa na kutetemeka. Wakamkimbiza hospitali kwa Landrova. Mtoto alitolewa hai, Zuhura hakurudi. Jioni Sista akaniuliza, "Ulimwuliza yale maswali?"

"Nilimwuliza, Sista. Akasema hana tatizo."

Ee Mola wangu. Uongo ule ukaenda mji mzima, hata msibani wakasema marehemu alikuwa mkaidi, alificha ugonjwa.

Mtoto nikamlea mimi. Leo ni mtu mzima mwenye wajukuu, na ndiye anayeniogesha na kunipikia uji, maana miguu imeniisha. Mpaka leo hajamsamehe marehemu mama yake. Ikisomwa hitima yake, hainui mikono. Nikimwambia ukweli, nitabaki na nani? Nisipomwambia, Zuhura anaendelea kulaumiwa na mwanawe kwa kosa langu.

Kila tukienda hospitali, tukifika mapokezi hunishika bega: "Mama, sema kila kinachokuuma. Usinifanyie kama yule."

Kesho tunakwenda tena. Wanangu, nimeshindwa. Nimwambie nini mtoto huyu?