Buibui la Mke Wangu Uwanjani Kisauni

Kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa Kisauni, bora niseme mwenyewe.

Mimi ni kocha msaidizi wa timu moja hapa Likoni. Msimu ukianza, mechi yetu ya kwanza ni Kisauni, na wenzetu wale wamesajili wachezaji wapya ambao hatujawahi kuwaona. Nikajitolea kwenda kuwachungulia mazoezini. Shida ni kwamba niliichezea timu hiyo ya Kisauni miaka sita, na kocha wao nilicheza naye. Basi nikavaa buibui na nikabu ya mke wangu. Wallahi, sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Nikaketi kando ya uwanja, karibu na mama muuza viazi karai.

"Mwanangu, umekuja kumtizama mumeo?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Maskini, akanipa viazi viwili vya bure. Nikavishika tu mkononi, maana kuvila ningelazimika kufunua uso. Nikaendelea kuwasoma mabeki wao, nikijiona mjanja wa Pwani nzima.

Mara mpira ukatoka nje, ukanijia hewani. Sikufikiri. Nikautuliza kwa kifua, nikaurudisha kwa mguu wa kushoto mpaka miguuni pa kocha wao. Viazi vikadondoka.

Kocha akaukanyaga mpira, akanitazama kwa upole ulioniumiza kuliko tusi.

"Karibu, Hamisi," akasema. "Shemeji hajambo? Na yeye leo umemwachia nguo gani?"