Mpini Usipoe

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye milima ya Mbinga, saa ya mazoezi ilikuwa jua. Likigusa kilele cha mlima wa ng'ambo, jembe begani. Likiteremka mpaka kijitoni, tunatoka shamba. Muda ulikuwa uleule kila siku. Cha kuongeza ni kazi.

Shule niliishia darasa la nne, na sioni aibu kusema. Kahawa yangu na nyumba yangu ya bati nimevipata kwa mikono hii, na mikono hii aliifundisha mama kwenye ngolo. Aliyelima ngolo anajua: nyasi zimelazwa miraba miraba kwenye mteremko, wewe unachimba udongo wa katikati na kuzifunika, mpaka mlima mzima unakuwa mashimo kama sega la nyuki. Harufu ile ya udongo mbichi na nyasi zinazoanza kuoza ikinipata mpaka leo, nasimama kwanza niivute.

Baba alikuwa amefariki. Akina mama wa kitongoji walilimiana kwa zamu, tunaita ngokela, na kila nyumba ilitoa watu wawili. Kwetu alikuwepo mama na mimi, kitoto. Jirani yetu Mama Otmari, mwenye ulimi wake, akamuuliza mama mbele ya wote: "Huyu umemleta alime, au tumbebe?" Wakacheka. Sisi tulielewa. Nikishindwa kwenda nao sambamba, tunatolewa kwenye zamu, mvua zinakatika kabla hatujamaliza kulima, na maharage mwaka huo tutayaona kwa wenzetu.

Basi mama akaanza kuninoa kwenye kishamba cha nyuma ya nyumba. Kupumzika hakunikataza. Alisema tu, "Pumzika, ila mpini usipoe." Nikikaa, alikuja akaushika mpini wa jembe langu. Ukiwa bado na joto la mikono yangu, aliniacha nikae. Ukiwa umepoa, "Benadeta, umelala." Mwanzoni nilihema kama mbwa wa kuwinda. Siku zikapita, mapumziko yakafupika, mashimo yakaongezeka, na jua lilikuwa lilelile.

Ilipofika zamu ya shamba la Mama Otmari, nilikwenda nao bega kwa bega. Aliyekaa chini wa kwanza ni yeye. Akanipa kibuyu cha togwa kabla hajanywa mwenyewe. "Kunywa, mama. Kesho tunakuja kwenu." Mama yangu aliushika mpini wangu, akacheka peke yake. Jioni tulikula ugali na usipa, dagaa wa ziwani waliopandishwa kutoka Mbamba Bay, nami nikapewa bakuli langu, kama mtu mzima.

Juzi mjukuu wangu Adela kaja kutoka mjini na saa ya kupima mapigo ya moyo. "Shikamoo bibi. Siku hizi jimu tunapunguza mapumziko tu. Muda uleule, kazi inaongezeka, pumzi inakuja."

"Marahaba. Twende ngolo."

Hakumaliza mstari wa kwanza, akaomba maji, saa inalia kama kifaranga. Tukacheka wote. Vijana wa sasa wanafunga safari kwenda kutafuta jasho ndani ya nyumba.

Alipoondoka nikarudi shamba. Ngokela kwetu imekufa, kila mtu na lake. Nikachimba kidogo, nikakaa. Nikakaa sana. Mpini ukapoa, na hakuna aliyekuja kuushika.