Tulivyowaamsha Vyura wa Masanze

Enzi zetu, sisi tuliokulia Masanze, habari za mvua tulizipata kutoka chini ya ardhi. Nyuma ya shamba la bibi yangu, mama yake baba, palikuwa na kidimbwi cha udongo mweusi. Masika maji yake yalitufika magotini, na kiangazi kilikauka mpaka kikapasuka nyufa za kuingiza mkono. Humo chini walilala vyura. Si hawa wadogo wa kwenye makaro, la. Hawa walikuwa wanene, koo la njano, na maji yakiisha hujichimbia kwa miguu ya nyuma, wakajifunika utando mwembamba kama ganda la kitunguu, wakalala miezi na miezi bila kula wala kunywa. Nikiwa mtoto nilipenda kujilaza juu ya udongo ule wa moto, shavu chini, nikiwaza kwamba wao wako hapo wananiota.

Watu walipochimba udongo wa kukandika nyumba, jembe likimfukua chura kazi ilisimama. Ulimrudisha shimoni, ukamfunika kwa udongo uleule, ukamwambia, "Samahani mzee, bado." Hata mjomba wangu, mtu wa mizaha mpaka msibani, hapo alisema kwa adabu.

Bibi alipanda kwa sikio. Mvua ya kwanza aliiita mvua ya vumbi, na hakunyanyuka mkekani kwa ajili yake. Mbegu zilibaki kwenye uchanja juu ya jiko, nyeusi kwa moshi, zikinuka kuni na uji. "Mvua hudanganya, chura hadanganyi," alisema, na siku vyura walipolia ndipo alipoziteremsha. Majirani nao walimtazama yeye.

Basi likizo moja ya Desemba akaja binamu yangu Zawadi kutoka Mikumi. Zawadi alikuwa na maringo, Mungu anisamehe. Kwao, alisema, tembo huvuka barabara kuu kama mbuzi wa jirani, na twiga wanachungulia watu kwenye mabasi. Mimi nikamwambia habari za vyura wetu. Akacheka mpaka akakaa chini. "Sisi tuna simba, nyie mnajisifia chura? Tena chura mwenyewe haonekani!"

Iliniuma. Mvua ya vumbi ilikuwa imeshapita, ardhi ina unyevu kidogo, nikaona hapahapa ndipo pa kuwaamsha vyura ajionee. Siku tatu tulibeba ndoo kutoka kisimani na kumwaga kidimbwini, tukamwambia Bibi tunamwagilia mchicha. Alitusifu mbele ya watu kwa bidii yetu. Tukachukua na michi ya kutwangia, tukaitwanga ardhi kwa zamu ili walio chini wadhani ni radi. Jioni ya tatu udongo ukatikisika, ukainuka kidogo, likatoka jicho. Kisha la pili. Zawadi akanishika mkono kwa nguvu, na mdomo wake ukafungika kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi. Magharibi ile wakaanza kulia, mlio mfupi na mzito, kama mtu anayegonga mtungi mtupu. Sijasikia kitu kizuri kama kile hadi leo.

Asubuhi nilimkuta Bibi shambani. Ameteremsha mbegu zote na anapanda, anaimba. Nilisimama na shikamoo yangu mdomoni. Ningesema palepale, mbegu zingeokoka. Sikusema.

Jua likawaka siku baada ya siku. Zawadi akarudi kwao. Mahindi yalichipua kwa ule unyevu kidogo, yakanyauka yangali na urefu wa kidole. Bibi alipita tuta kwa tuta akifukua kwa ukucha, halafu akakaa chini na kumwambia baba, "Masikio yangu yamekufa, mwanangu. Mwakani usinisikilize. Nami nitawaambia majirani wasinisikilize tena."

Hapo ndipo nilipolia. Nikamwambia, "Bibi, masikio yako mazima. Ni mimi na Zawadi, tuliwaamsha kwa ndoo."

Nilingoja kofi. Yeye akauliza, "Wako wapi sasa?" Hakuuliza mbegu. Tukaenda naye. Wengine walikuwa wamekauka juu ya nyufa, wepesi mkononi. Waliobaki hai tuliwachimbia kwa mikono yetu, tukalowanisha udongo, tukawafunika. Kwa kila mmoja alinitaka niseme samahani kwa sauti.

Mwaka ule tulipanda mbegu za kupewa, tukachelewa, tukala ugali wa muhogo mpaka tukauchukia. Na msimu uliofuata Bibi alinipa adhabu yangu: kila jioni nikasikilize kidimbwini, na neno langu ndilo litakaloteremsha mbegu. Nilikuwa na miaka kumi. Sijawahi kuaminiwa namna ile tena, hata na mume wangu.

Leo vijana wanatazama mvua kwenye simu. Mjukuu wangu wa Magomeni aliniambia, "Bibi, simu inasema hakuna mvua," akatoka na raba zake nyeupe, akarudi kazibeba kichwani. Nilimcheka, lakini nami sina cha kujivunia. Udongo wa kidimbwi unachimbwa kwa matofali ya kuchoma, na jembe likimfukua chura anatupwa pembeni juani. Mashambani dawa ya magugu hutiririkia humohumo. Nimezungushia miiba kipande kilichobaki, na watoto wananiita Bibi Chura. Waache waite.

Mwaka huu mvua ya vumbi ilipita, ikaja ya pili, nzito, ya kweli. Nilikaa ukingoni na mwavuli. Zamani pale, kwa kelele za vyura, usingemsikia mtu aliye kando yako. Nikangoja mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo akalia mmoja. Akanyamaza, akalia tena, hakuna aliyemjibu. Sikujua kama mmoja anatosha.

Nilirudi nyumbani, nikateremsha mbegu nusu.