Aliyekuja Kukagua Bunduki ya Baba

Anayetaka kucheka acheke sasa, kabla sijaanza. Mimi nauza makaa ya kupikia hapa Bunia, sina muda wa kutunga hadithi za mizimu. Haya yalinipata mchana, macho yangu yakiwa wazi.

Baba alipofariki, mdogo wangu Faustin alirithi bunduki yake ya kuwinda. Tangu tukimbie vita kwetu Djugu ilikaa imefichwa juu ya dari ya jikoni, haijaguswa. Faustin alitaka kurudi nayo shambani kwetu, maana nguruwe-pori walikuwa wanamaliza mihogo. Siku hiyo alikuwa ameenda kutafuta risasi, nami nimebaki peke yangu, mvua inamwagika hasa.

Mwanaume akaingia bila hodi. Kichwa na uso vimefungwa kitambaa cha maua mekundu, mkono wa kulia umeviringishiwa matambara. Nguo zake zilikuwa kavu. Kavu kabisa, na nje mvua ile! Wewe ungefanya nini? Mimi nilirudi nyuma hadi ukutani.

"Yaya, leta bunduki ya muzee," akasema, akiniita dada mkubwa. Nikaishusha kutoka darini. "Kidole isiguse fasi ya kufyatulia. Mudomo iangalie chini, fasi haiko mutu. Fungua. Risasi iko ndani?"

"Hapana."

"Sasa chungulia mu mututu kutokea huku nyuma, uone kama mwangaza inapita."

Nikachungulia. Giza tupu. Nyigu walikuwa wamejenga viota vyao vya udongo humo ndani.

"Ambia mwenyewe apeleke kwa fundi. Asipige hata mara moya, yaya. Nakuomba." Sauti ilikuwa ya mtu anayelia. Nikageuka kumtafutia kiti, na nilipotazama tena, hayupo.

Faustin aliporudi nilimweleza yote. Kwanza alikasirika kwamba mwanamke amegusa bunduki ya baba, kisha akacheka. "Yaya, weye unaota muchana? Muzee alipiga nayo maisha yake yote. Haiwezi kunitendea mubaya." Nilipiga magoti. Niamini, nilimshika miguu. Asubuhi akapanda pikipiki, akaondoka na bunduki kwenda shamba.

Bunduki ilipasuka kwenye risasi ya kwanza. Majirani wa shambani walipomleta, ameshakata roho njiani, walikuwa wamemfunga kichwa na uso kwa kitambaa cha mama mmoja wa huko, cha maua mekundu, na mkono wa kulia matambara. Ndipo nikajua ni nani alikuja siku ile ya mvua. Alikuwa Faustin mwenyewe, amekufa kabla hajafa.

Tangu hapo silali vizuri. Na juzi baba mdogo amesema vipande vikusanywe, bunduki itengenezwe, eti ni mali ya ukoo.

Wewe uliyerithi bunduki, usiipige kabla mwenye kuijua hajaifungua na kutazama ndani. Najua utasema ya kwenu ni nzima. Faustin alionywa na maiti yake mwenyewe, na haikusaidia kitu. Wewe unaonywa na mimi tu.