Wasifu wa Mzee Stanislausi

Pelagia wa Kiriba ni mwoga, na mimi Helena nasema hivyo kwa sababu nimemchemshia chai miaka yote aliyokuwa katibu muhtasi wa ile kampuni ya kununua pamba pale mtaa wa Iringo. Ulikuwa wakati soko limefunguliwa, kila mwenye mizani na lori anajiita kampuni. Yetu ilikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na wa kuigusa ni Pelagia peke yake. Mtu akipiga chafya nyuma yake anaanza barua upya.

Bosi wetu, Mzee Stanislausi, alikuwa mkali, sina haja ya kumpamba. Chai ikipoa anafoka, ikiwa moto anafoka. Mwaka huo akaugua, akapelekwa Mwanza yu hoi. Mhasibu wetu Boniphace akaenda kumwona, akarudi na uso mrefu.

"Yule hamalizi wiki," akasema. "Pelagia, andaa wasifu wa marehemu, tusije tukaaibika makaburini."

Sasa huko kwetu ziwani, mtu akiwa bado anapumua hata mbao za jeneza hazitajwi. Kumwandikia wasifu wa marehemu ni kumharakisha. Pelagia alilia, lakini akaandika, maana yule dada hajui kumkatalia mtu. Na akaandika vizuri mno: marehemu alikuwa mpole, hakuwahi kumfokea mfanyakazi, aliwasalimia wakubwa kwa wadogo. Aliponisomea nikamuuliza huyo ni nani.

Mzee akapona. Siku habari zilipofika Pelagia alilifuta lile faili, akafunika kompyuta yake akaenda kanisani.

Basi Mzee akarudi amekonda, shati linampwaya, na si yule tuliyemzoea. Anasalimia. Anauliza watoto hawajambo. Chai ikipoa anainywa hivyo hivyo. Akawa anawahi ofisini kuliko sote, eti anajifunza kompyuta. Tukasema ugonjwa umemfundisha adabu.

Halafu akatangaza kwamba kompyuta mpya inakuja, na ile ya zamani itakwenda nyumbani kwake Makoko. Pelagia akanifuata jikoni, rangi imemtoka.

"Dada Helena, nasikia kitu kikifutwa kwenye kompyuta kinabakiga humo humo. Akiukuta ule wasifu atasema nilimroga. Nitafukuzwa kazi, na Kiriba nitarudi na sura gani?"

Nikamwambia aitumbukize ziwani.

"Wavuvi wa dagaa wataivua, wairudishe," akajibu. Alikuwa hatanii.

Akamwita Hamduni, fundi wa Bunda aliyeanza na redio akahamia kompyuta. Mzee alikuwa safari ya vijijini, kwa hiyo tulikuwa na siku nzima. Hamduni akatuambia, kwa sauti ya kutuhurumia, kwamba ukifuta faili linaingia kwanza kwenye kapu la taka la kompyuta. Ukilimwaga kapu, kompyuta inasahau jina tu. Maneno yenyewe yanakaa kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na mwenye ujuzi anaweza kuyafufua.

"Usiniambie habari ya kufufua," Pelagia akasema. "Futa vyote."

Hamduni akahamisha barua za kampuni zilizokuwa kwenye folda ya Pelagia, akaingiza disketi yenye programu ya kuandika sifuri kila mahali. Ikaenda polepole, mpaka tukachoka kuitazama. Umeme ukakatika ikaanza upya. Pelagia akatoa maji ya baraka kwenye mkoba, na Hamduni, Mwislamu wa watu, akaikumbatia ile kompyuta asiinyunyizie. Jioni akasema hakuna binadamu atakayerudisha kitu humo. Pelagia akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kesho yake Mzee alituita. Nilikuwa nimeshika birika.

"Pelagia mwanangu, kuna kitu changu kimepotea humu. Wasifu wangu."

Pelagia akashika ukingo wa meza.

"Niliukuta kwenye kapu la taka siku niliyorudi," Mzee akaendelea, "nikautoa, nikauweka mahali pangu. Nilikuwaga nausoma kila asubuhi kabla hamjafika. Uko wapi?"

"Nimeufuta, Mzee," Pelagia akasema, machozi yanamdondoka. "Hauwezi kurudi. Hata fundi hawezi. Nisamehe, sikukutakia kifo."

Nilisubiri afoke. Kusema kweli nilitamani afoke, nimalize kumimina chai niondoke. Lakini Mzee aliifunika tu ile kompyuta tupu kwa kitambaa chake, na mimi nikamwonea huruma, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

"Basi uandike mwingine," akasema. "Ila safari hii punguza sifa. Ule wa kwanza umenichosha kuufuata."