Ulanzi Waliouogopa Wakwe

Kwenye vichekesho vyetu sijawahi kuwa nyota. Mimi ni mama mkwe. Nyota anapendwa, anaolewa, analia vizuri. Mimi natokea dakika chache, nawachokoza watu, natukanwa, naenda zangu kula. Nikipita sokoni Iringa wananiita mchawi, tena kwa upendo kabisa.

Sasa kuna video moja, hiyo ndiyo iliyoniponza. Wakwe wanakuja kuposa, naonja ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, mbele yao, maana kwetu mwenye nyumba huanza yeye ili mgeni ajue hakuna sumu. Kumbe sijameza! Wao wanameza, wanalala chali. Watu walicheka mpaka Mbeya.

Basi binti yangu akapata mchumba wa Ubaruku. Binti mwenyewe mpole, hana utani hata kidogo, na yule kijana anampenda kufa. Wakaja kuposa hapa nyumbani Kihesa: mshenga, shangazi wawili wa kijana, na baba yake, mkulima wa mpunga asiyejua kucheka.

"Kamwene," nikawasalimu, nimejitanda kitenge, sauti ya chini. Nikaonja ulanzi. Nikameza. Nikampa mzee kikombe.

Hakukipokea.

"Samahani mama," mshenga akasema, "hebu fungua mdomo."

Mungu wangu! Nikafungua, na ulimi nikautoa. Mzee akatikisa kichwa.

"Hata kwenye video alifungua."

Na kweli nilifungua. Ukikataa kinywaji cha posa umekataa na posa yenyewe, kila mtu pale sebuleni alilijua hilo. Nikaapa, wale shangazi wakacheka. Nikalia machozi ya kweli, shangazi mmoja akanipigia makofi. Siku hiyo niliichukia kazi yangu.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Binti, ambaye hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe, akachukua kile kikombe mkononi mwangu, akanywa chote, akampigia mzee magoti.

"Shikamoo baba. Kama kina sumu, basi mmekuja kuposa marehemu. Mahari mpunguze."

Halafu yule mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka, akaomba kikombe chake, kisha kingine. Posa ikapokelewa.

Nilicheka nao, nikafurahi mno, lakini wivu ulikuwa unaniunguza. Neno kama lile, jamani, nimelitafuta maisha yangu yote, kaja kulipata mtu ambaye hata kupigwa picha hataki.